MTOTO AKITOKA WODINI BADO HAJAPONA



Katika mikutano ya matawi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za ziada, viatu vya kazi na nyumba za kambi. Hayo ni madai ya haki na hatutayaacha. Lakini liko jambo moja ambalo akina mama hutuambia pembeni, mkutano ukiisha na wanaume wakiwa wameanza kuondoka. Ni habari ya mtoto mdogo aliyelazwa hospitali, akatibiwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na baada ya majuma machache akarudishwa akiwa na hali mbaya kuliko ya kwanza.

Jambo hili halimo katika karatasi za madai yetu. Linahesabiwa kuwa shida ya nyumbani, ya mama na mtoto wake. Sisi tunasema ni shida ya kazi. Katika makala hii tutaeleza ugonjwa wenyewe, kisha tutatazama kazi iliyoanzishwa hapa Uganda, katika hospitali ya Mulago, mwaka 1965, na mwisho tutasema tawi linaweza kufanya nini.

UGONJWA WA MTOTO ALIYEACHISHWA

Anayekaa Bwaise, Kisenyi, Katanga au Namuwongo hahitaji kuonyeshwa picha. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu huanza kuvimba miguu. Ukibonyeza kwa kidole gumba, shimo hubaki. Uso hujaa, na majirani humpongeza mama kwamba mtoto amenenepa. Nywele huwa nyepesi na kugeuka rangi. Ngozi hubabuka. Zaidi ya hayo, mtoto hununa. Hachezi, hacheki, na chakula hakitaki. Mwingine havimbi, bali hukonda mpaka mbavu zikahesabika na uso ukawa kama wa mzee.

Ugonjwa huo wa kuvimba ulielezwa mwaka 1933 na Daktari Cicely Williams, mwanamke mzaliwa wa Jamaika, alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1935 aliutangaza kwa jina ambalo Waga, watu wa Accra, walikuwa wakiliita wenyewe: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto anapoondolewa katika nafasi yake kwa sababu mdogo wake amekuja. Kwa hiyo akina mama wa Accra walikuwa wamekwisha kuona, kabla ya daktari yeyote, kwamba ugonjwa huanza pale mtoto anapotoka katika ziwa la mama yake na kukabidhiwa sahani isiyomtosha.

Hapa Uganda, Mulago palikuwa mahali pakubwa pa kuuchunguza ugonjwa huu. Daktari Hugh Trowell aliufuatilia kwa miaka mingi, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili, Davies na Dean, walitoa kitabu kizima juu yake. Siku hizo iliaminika kwamba sababu ni upungufu wa protini peke yake, yaani vyakula vya kujenga mwili. Matoke, mihogo na viazi vitamu hushibisha tumbo lakini vina protini kidogo. Leo wataalamu wanasema sababu ni zaidi ya moja: chakula duni, kuharisha, surua, malaria, minyoo, na maji machafu ya mifereji inayofurika mvua ikinyesha. Lakini katika yote hayo chakula ndicho nguzo. Mtoto aliyeshiba vizuri huugua akapona. Mtoto aliyedhoofika huugua ugonjwa uleule akafa.

MULAGO, MWAKA 1965

Zamani mtoto wa kwashiorkor alipofikishwa hospitali alilazwa, akapewa dawa na maziwa ya unga, uvimbe ukaisha, akarudishwa kwao. Baada ya muda wengine walionekana tena kitandani. Madaktari walijiuliza: tumewaponya, mbona wanarudi?

Jibu si gumu kwa mtu anayejua nyumba ya maskini. Mama alikuwa ameona sindano, vidonge na maziwa ya unga ya hospitali. Akaelewa kwamba huu ni ugonjwa wa hospitali na dawa yake iko hospitali. Alipofika nyumbani hakuwa na sindano wala maziwa yale, na kama alikuwa na senti chache alinunua chupa na maziwa ya unga kidogo, akayachanganya na maji mengi ya bombani ili yafike mwisho wa juma. Chakula cha mtoto kikabaki kilekile kilichomlaza.

Ndipo mwaka 1965 kikaanzishwa kitengo cha Mwanamugimu hapo Mulago. Jina limetoka katika methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutoka kwenye ngozi, yaani mbeleko anayobebewa mgongoni mwa mama. Maana yake ni kwamba afya ya mtu hujengwa mapema, akiwa bado anabebwa.

Mpango wa Mwanamugimu ulikuwa tofauti na wodi ya kawaida. Mama hakuachwa kukaa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Alikaa na mtoto wake, akapika mwenyewe, kwa vyakula anavyovijua kutoka sokoni na shambani, akamlisha mtoto kwa mkono wake, na akaona kwa macho yake siku kwa siku jinsi mtoto anavyoanza kusimama na kucheka. Hakuhitaji hotuba ya kumwambia kwamba chakula ni dawa. Alikuwa ameifanya dawa hiyo mwenyewe.

Chakula chenyewe huitwa kitobero. Ni mchanganyiko: chakula cha kushibisha kama matoke, viazi au posho, maharage au karanga zilizotwangwa, kitoweo kidogo kama yai, nyama iliyosagwa au dagaa, ambao hapa twawaita mukene, na mboga za majani. Huweza kufungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke ndani ya sufuria ileile ya chakula cha nyumbani. Mama wa chumba kimoja, mwenye sigiri moja na makaa ya kupima, hahitaji moto wa pili. Waliobuni jambo hili walifikiria mfuko wa maskini.

Wazo la kuwa na vituo vya namna hii, ambamo mtoto hurudishiwa nguvu kwa chakula na mama hufundishwa kwa vitendo, lilikuwa limekwisha kuenezwa katika nchi nyingine tangu miaka ya 1950 na Daktari Bengoa wa Shirika la Afya Duniani. Hapa kwetu liliota mizizi. Kitengo cha Mwanamugimu kilipita katika miaka ya Amin, 1971 hadi 1979, wakati sukari, sabuni na dawa vilipokuwa adimu, kikapita na katika vita vya miaka iliyofuata, na hadi leo kipo Mulago kikipokea watoto walio taabani kwa utapiamlo.

KUPONA KUNA HATUA TATU

Sasa tufike kwenye kiini. Sisi wengi wetu tumesoma shule ya msingi tu, na hatujifanyi waganga. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 juu ya watoto hawa unaeleweka na mtu yeyote anayejua kuhesabu.

Hatua ya kwanza ni kuokoa maisha. Ni kama juma 1. Mtoto hulindwa asipatwe na baridi, hutibiwa magonjwa, na hupewa chakula chepesi kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Hapa pana hatari ambayo kila mmoja wetu yafaa aijue: mtoto aliyedhoofika sana akilishwa kwa pupa siku za kwanza anaweza kufa, kwa maana mwili wake haujaweza kubeba mzigo huo. Vilevile asipewe dawa ya kumkojoza ili uvimbe uishe. Dawa hiyo ni hatari kwake. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili hupelekwa hospitali siku ileile.

Hatua ya pili ni kumrudishia nguvu, tangu juma la 2 hadi la 6. Sasa mtoto anakula vizuri, anaongezeka uzito, na mama anafundishwa. Katika hatua hii hata kucheza ni tiba. Mwongozo unataka mtoto achezeshwe kwa utaratibu dakika 15 hadi 30 kila siku, kwa sababu njaa hulaza akili kama inavyolaza miguu. Wala mtoto hachezeshwi na sindano. Huchezeshwa na mtu anayempenda.

Hatua ya tatu ni kumfuatilia nyumbani, tangu juma la 7 hadi la 26. Hapa mtoto hupimwa, hulishwa mara nyingi kwa siku, na hulindwa asiangushwe tena na kuharisha au homa.

Hesabu hizo, ndugu. Juma 1 la kuokoa maisha, na majuma 25 ya kupona. Kazi ya daktari na sindano ni sehemu ndogo mwanzoni. Sehemu kubwa iliyobaki ni kazi ya mama, ya sufuria, ya maji safi, na ya muda. Mtoto akitoka wodini mwisho wa juma la kwanza au la pili, bado hajapona. Ndiyo kwanza ameanza kupona.

Tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wenzao wamekubali njia nyingine kwa watoto ambao wana hamu ya kula na hawana matatizo mengine. Hawa hawalazwi. Hupewa chakula dawa kilichotengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, wakala nyumbani, na mama humleta mtoto kliniki kila juma kupimwa. Njia hii imesaidia sana, kwa kuwa mama mwenye watoto wengine wanne hawezi kuwafungia chumbani akakae hospitali mwezi mzima. Lakini angalieni: hata njia hii huomba siku ya mama. Safari hii siku 1 kila juma.

MAMA NAYE AMECHOKA

Mtu akisema "mtoto anapata ahueni", macho yote huenda kwa mtoto. Nani anamtazama mama?

Mara nyingi mama wa mtoto huyu ni mjamzito au amejifungua karibuni, na ndiyo sababu yule mkubwa aliachishwa ziwa mapema. Damu yake imepungua. Amekesha wodini akilala sakafuni chini ya kitanda cha mtoto. Amekula mabaki. Mwili wake nao unahitaji kuuguzwa.

Zamani desturi zetu zililijua jambo hili. Watu wa pwani wana arobaini yao, siku ambazo mzazi hukaa ndani akikandwa na kupikiwa uji. Waganda humwita mama aliyejifungua nakawere, na jamaa humpa heshima yake, wakimchotea maji na kumpikia. Kila kabila linaloishi katika kambi za mashamba yetu, liwe limetoka Kongo, Rwanda, Kenya au kaskazini, lina desturi ya namna hiyo. Kisha tukaja mjini na mashambani kutafuta mshahara. Bibi amebaki kijijini. Mama amebaki na chumba cha kupanga, jirani naye yuko zamu, na mwenye nyumba anabisha hodi tarehe ya kodi. Desturi haikufa kwa sababu watu wameisahau. Imekufa kwa sababu waliokuwa wakiitekeleza wako mbali, na waliopo karibu wako kazini.

Shirika la Afya Duniani linasema mama na mtoto mchanga watazamwe na mhudumu katika saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika juma la 6. Mama akitokwa na damu nyingi, akiwa na homa, akiumwa kichwa kikali, akiona giza machoni, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, asiambiwe ni uchovu. Apelekwe mara moja.

KIBARUA NA KITANDA CHA MTOTO

Tutoe mfano mmoja kati ya mingi tuliyoshughulikia. Mama mmoja alikuwa akifunga bidhaa katika kiwanda ambacho jina lake tunaliacha. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka 4. Mtoto wake wa miezi 16 alivimba, akalazwa. Mama alituma ujumbe kwa msimamizi siku ya kwanza. Siku ya 9 aliletewa habari na mwenzake kwamba nafasi yake amepewa mtu mwingine kuanzia Jumatatu. Muuguzi alimsihi abaki, kwa maana mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kula. Mama alifunga mbeleko akaondoka naye. Jumatatu alikuwa mlangoni mwa kiwanda, na mtoto ameachwa kwa dada yake wa miaka 8 pamoja na sufuria ya chai na kipande cha muhogo.

Baada ya majuma matatu mtoto alirudi wodini. Safari hii mama alikaa naye mpaka mwisho. Mtoto alipona, lakini kazi ilipotea. Sisi tulikwenda kwa meneja mara tatu. Mara ya tatu alikubali kumrudisha, ila kama kibarua mpya, na miaka yake 4 ikafutwa.

Watu wa hospitali humwandika mama wa namna hiyo kuwa "ametoroka". Kiwandani huandikwa kuwa "hakufika kazini". Vitabu viwili vimemhukumu mtu mmoja kwa siku zilezile. Hakuna aliyeandika kwamba alitakiwa awe mahali pawili kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana tunasema: siku za mama ni sehemu ya dawa. Serikali inaweza kuleta chakula dawa, wafadhili wanaweza kuleta mizani na vitanda, lakini kama mama hana ruhusa ya kukaa na mtoto, dawa yote hiyo itamwagika njiani kati ya wodi na lango la kiwanda.

SHERIA INASEMAJE

Madai haya si ya jana. Mkataba wa uzazi wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919, ambao ni wa 3 tangu shirika hilo lianze, ulitaka mama apumzike majuma 6 baada ya kujifungua, na akirudi kazini apewe nusu saa mara 2 kwa siku kunyonyesha. Mkataba wa mwaka 2000 uliongeza likizo ikafika majuma 14.

Katika nchi zetu, Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa mama siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ilimpa mama miezi 3 na baba majuma 2. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, na ikaweka angalau siku 4 za malipo mfanyakazi anapouguliwa au kufiwa na mtoto.

Basi tulinganishe. Madaktari wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi 6. Siku 60 za kazi huisha kabla ya mwezi wa 3. Kwashiorkor huja mtoto akiwa na mwaka na zaidi, wakati likizo ya uzazi imekwisha zamani. Na pale ambapo sheria imemkumbuka mtoto mgonjwa, imemkumbuka kwa siku 4, na kupona kunataka majuma 26. Sheria ni sakafu, ndugu. Mkataba wa hiari kati ya chama na mwajiri ndio unaoweza kujenga kuta na paa.

Tena msisahau kwamba vibarua wengi wa siku hawaguswi hata na sakafu hiyo, kwa kuwa mwajiri huwaandika upya kila mwezi ili wasihesabiwe. Mashambani wavunaji wengi wa majani ya chai ni akina mama. Chama kisichowatetea wa kibarua hakimtetei mtoto wa kwashiorkor, maana mtoto huyo mara nyingi ni wa hao.

JE, HII NI KAZI YA CHAMA?

Wapo wanachama wanaosema haya ni mambo ya wizara ya afya na makanisa na misikiti. Tunawajibu kwamba wafanyakazi wa nchi nyingine hawakuona hivyo. Wachimba makaa ya mawe wa Durham, Uingereza, walikuwa na nyumba yao ya kupatia ahueni iliyoitwa Conishead Priory, tangu mwaka 1930 hadi 1972. Mchimbaji aliyetoka hospitali alikwenda kukaa huko mpaka nguvu zimrudie, badala ya kurudi shimoni akiwa na bendeji. Walielewa kwamba kutibiwa ni jambo moja na kupata nguvu ni jambo jingine.

Sisi hatuna fedha za kununua jumba. Lakini hatuhitaji jumba. Ahueni ya mtoto wa Namuwongo hupatikana katika chumba chake mwenyewe, iwapo mama yumo, sufuria ina kitu, na jirani anapita kuuliza hali. Hayo matatu yako ndani ya uwezo wa tawi.

TAWI LIFANYE NINI

Kwanza, madai. Katika mazungumzo yajayo ya mkataba, kila tawi lidai kifungu cha mtoto aliyelazwa: mzazi wa mtoto wa chini ya miaka 5 asipoteze kazi wala miaka yake ya utumishi akiwa na barua ya hospitali, apewe siku za malipo kwa kadiri tutakavyokubaliana, na baada ya hapo apewe ruhusa ya siku 1 kila juma kwenda kliniki mpaka mtoto atakapoandikwa amepona. Kadi ya kliniki ndiyo ushahidi. Mwajiri hana sababu ya kusema anadanganywa. Tuseme "mzazi", si "mama" tu, ili baba naye asiwe na kisingizio.

Pili, kunyonyesha. Tudai muda wa kunyonyesha na mahali safi penye kivuli na maji. Mashambani tudai nyumba ya kulelea watoto karibu na wanapovuna, na mlezi anayelipwa, si msichana aliyetolewa shule.

Tatu, kipimo cha mkono. Wahudumu wa afya wa vijiji na mitaa wanao utepe wa kupimia mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, ni rangi nyekundu, na mtoto apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Kati ya 11.5 na 12.5 ni rangi ya njano, na mtoto aangaliwe na kulishwa zaidi. Tawi limwite mhudumu huyo kambini mara moja kila mwezi, siku ya mshahara, wakati familia zote zipo.

Nne, daftari la ahueni. Kila idara ichague mama mmoja mwenye kuaminika aweke daftari la waliotoka hospitali: mama waliojifungua na watoto waliolazwa. Awatembelee siku ya 3, siku ya 7, kisha kila juma. Haendi kama daktari. Anakwenda kutazama kama mtoto anakula, kama miguu imevimba tena, kama siku ya kliniki inajulikana, na kama mama mwenyewe amekula.

Tano, mfuko mdogo. Kila mwanachama atoe kiasi ambacho hatakiona pengo lake. Mfuko huo usigawe noti. Ununue makaa, karanga, mayai, mukene, sabuni na nauli ya kliniki. Mtoto wa wodini ana ndugu zake nyumbani, nao wanahitaji mtu wa kuwapikia. Anayeweza kutoa zamu yake ya jioni kuwaangalia ametoa mchango mkubwa kuliko shilingi.

Sita, maneno yetu. Mtoto akivimba watu husema karogwa, au mama yake ni mvivu, au alichukua mimba nyingine kwa tamaa. Maneno hayo humfanya mama amfiche mtoto chini ya nguo mpaka hali imeharibika. Hajaharibu kitu mama huyo. Amepewa mshahara wa mtu mmoja alishe watu sita, na akanyimwa siku ya kukaa na mgonjwa wake. Anayemcheka leo atacheka nyumbani kwake kesho.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Tunajua wengi wenu mko zamu ya usiku na mchana mnalala. Hata hivyo, kumchezesha mtoto dakika 15 hakuhitaji shahada. Kutwanga karanga hakumpunguzii mtu uanaume. Na katika mkutano wa tawi, kura yenu ndiyo itakayoamua kama kifungu cha mtoto aliyelazwa kitaingia katika karatasi ya madai au kitabaki kusemwa pembeni.

Katibu wa kila tawi anaombwa kuisoma makala hii kwa sauti mbele ya wanachama wasiojua kusoma, kisha aandike majina ya walio tayari kushika daftari la ahueni. Majina yaletwe ofisini kabla ya mazungumzo ya mkataba kuanza.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.